Egemeo la Mwalimu

Mwalimu alikuwa amesimamia mitihani ya hesabu miaka ishirini na miwili, na mtu akimficha jambo alimjua kwa namna anavyoshika mlango. Tangu aruhusiwe kutoka hospitali, siku ya sita sasa, mumewe alikuwa anaushika mlango wa chumbani vibaya.

Mume huyo ni seremala. Karakana yake iko uani, hatua kumi kutoka dirishani, na humo hutoka vitanda, milango, na jeneza pale familia fulani inapofiwa.

Kidole tumbo cha Mwalimu kilipasuka kabla hajafika kwa daktari, wakampasua kuanzia juu ya kitovu hadi chini. Maisha yake yote alikuwa mtu wa kulala kifudifudi. Sasa hilo asahau. Akilala chali, mshono unavutika kama gauni lililobana. Akigeukia kushoto, matumbo yote yanahamia huko na kuanza kulalamika. Ubavu wa kulia unavumilika, akikumbatia mto mmoja tumboni na kubana mwingine katikati ya magoti, lakini huko anatazama ukuta, na anayetazama ukuta hajui nani kaingia. Hilo lilimkera kuliko mshono wenyewe.

Na kweli walikuwa wanaingia. Wifi yake, aliyekuja kumuuguza, alikuwa hakomi kunong'ona na kaka yake kizingitini.

"Wifi, daktari aliwaambia nini?"

"Si upumzike tu, jamani."

"Hilo aliniambia mimi. Nauliza alichowaambia ninyi."

"Ngoja nikaangalie maji jikoni yasije yakamwagika."

Akatoweka. Jiko lilikuwa limezimwa tangu saa nne.

Mchana huo, baada ya chakula, Mwalimu alikuwa ameuelekea ukuta, macho kayafumba, usingizi haupo. Akasikia futi ya chuma ikivutwa. Hakutikisika. Kitu cha baridi kikamgusa kisogoni, kikashuka hadi kiunoni. Kisha kikapita kutoka bega hadi bega. Mumewe akajinong'onea namba, akanyata, akatoka.

Mtu mzima hapimwi mabega akiwa amelala, labda awe ameshakufa au anasubiriwa. Kumbe ndicho walichokuwa wanakificha! Aliogopa, tena aliogopa sana. Halafu akakasirika, maana hasira ilikuwa nyepesi kidogo kuibeba.

Randa ikaanza kulia uani. Mwalimu akashusha miguu kitandani, akajisukuma kwa kiwiko kama muuguzi alivyomfundisha, akakaa hadi kizunguzungu kikapita. Zile hatua kumi alizitembea kainama, mto kaukandamiza tumboni, akisimama mara tatu kuvuta pumzi.

Kwenye benchi palikuwa na ubao mpana wa mvule, umepigwa msasa hadi unateleza.

"Hilo ni langu?"

Randa ilimtoka Seremala mkononi. "Umeinukaje wewe? Unataka mshono uachie?"

"Nimekuuliza."

"Ni lako. Ni egemeo. Daktari alisema ulale mgongo umeinuka, magoti umekunja, na mito kila mara inateleza. Nimekupima ili likukae vizuri shingoni. Nilitaka ulione likiwa tayari."

Maelezo yaliingia akilini, na Mwalimu alikaribia kuyakubali. Kisha akaona kipande kilichobaki, kimesukumwa chini ya benchi. Kilikuwa kirefu, kikipungua upana kuelekea mwisho, na upande mmoja kimekatwa msumeno juzijuzi tu. Akakiunganisha kichwani na ule ubao wa juu: pembe sita. Mwalimu wa hesabu hahitaji kuchorewa umbo hilo.

"Hiki ulikikata lini?"

Seremala akakaa juu ya maranda ya mbao sakafuni. "Siku ya upasuaji. Daktari alitoka akatuambia tujiandae. Nikaja hapa."

"Mimi niko mezani tumbo wazi, wewe unanikatia jeneza?"

"Ndiyo."

"Hata hukunipima!"

"Nakujua."

"Na leo umenipimia nini?"

"Umekonda."

"Ulishindwa kungoja hata nikate roho?"

"Baadaye nisingeweza. Mikono isingefanya kazi. Wangempa yule fundi wa sokoni, na yule anapigilia mbao mbichi. Sikutaka ulale kwenye kazi mbovu."

Mwalimu alitaka kumpigia kelele. Kilichotoka kilikuwa kicheko, kikamuuma hadi akaukumbatia mto kwa mikono miwili, na kabla hakijaisha alikuwa analia.

"Lete ndani," alisema hatimaye.

Wakaliweka egemeo kitandani, blanketi juu yake, mto chini ya magoti. Akajilaza pole pole. Mshono ukanyamaza. Kutoka hapo aliuona mlango wote, na mumewe aliyekuwa amesimama mbele yake na vumbi la mbao kwenye nyusi.

"Kaa hapa. Sasa daktari anasemaje?"

"Anasema utapona. Ndani ya wiki sita utarudi darasani."

Alimtazama machoni muda mrefu, jicho lile la chumba cha mtihani. Hakuona kilichofichwa.

"Rudia."

Akarudia.

"Tena."

Akarudia tena, neno kwa neno, hadi akagundua kwamba anamwambia mtu aliyekwisha kulala.