Mteja Mkubwa wa Duka la Bei Moja

Bwana Sattar hakuwa mtu wa kukataa jambo. Alikuwa mtu wa kulitia sharti. Binti yake Fariha alipoacha kazi katika kampuni ya bima Nairobi, akarudi Mombasa na kumwambia kuwa duka lao la leso lilihitaji mfumo wa kompyuta, mzee alimaliza chai yake kwanza, akapangusa masharubu, kisha akasema:

“Weka. Nakupa miezi mitatu. Ikitimia, hiyo mashine yako iniambie jambo moja tu kuhusu duka langu ambalo mimi silijui. Ikiniambia, itakaa. Ikishindwa itang'oka, nawe utarudi kwa watu wako wa bima.”

Fariha alikubali papo hapo. Sharti lile lilipimika, na yeye alipenda vitu vinavyopimika.

Duka lenyewe lilikuwa Mtaa wa Biashara, na juu ya kaunta kilining'inia kibao cha mbao alichokitundika babu yake Fariha: BEI MOJA. Bwana Sattar alijivunia kibao hicho kama wengine wanavyojivunia nasaba. Yeye alikaa ghorofani akiagiza mali na kuchagua michoro. Chini aliuza Bi Zubeida, aliyeingia dukani kabla Fariha hajazaliwa, pamoja na Ngowa, kijana mwenye mabega mapana aliyeshusha majora na kuchekesha wateja.

Fariha alijenga mfumo kwa uangalifu. Kila doti ya leso, yaani jozi moja, ilipata kibandiko chenye bei. Tena, bila kumshauri baba yake, aliingiza punguzo: mteja aliyelitaka ilibidi aandikishwe kwa jina na namba ya simu. Punguzo likiingia, mfumo ulimtumia ujumbe wa shukrani na kumwekea pointi za zawadi. Ili punguzo hilo lisile mtaji, Fariha aliongeza kidogo bei ya kibandiko. Siku ya kuufungua mfumo alimwandikisha mteja wa kwanza mbele ya wafanyakazi wote, mwalimu wa chekechea kutoka Tudor aitwaye Kadzo, kisha akaandika namba yake kwenye karatasi na kuibandika kando ya skrini. Juu yake aliandika kwa herufi kubwa: MFANO.

Miezi mitatu ikapita. Hesabu za jioni zilitoka sawa kila siku, na Bi Zubeida hakulalamika hata mara moja. Hilo peke yake lingetosha kumtia Fariha wasiwasi, lakini halikumtia.

Siku ya ahadi, baada ya kufunga duka, aliwaita wote akafungua ripoti.

“Baba, mteja wako mkubwa ni nani?”

“Bi Sumeiya wa Kibokoni,” akajibu Bwana Sattar bila kufikiri. “Mwanamke yule, hata paka akiolewa mtaani mwake, yeye hununua sare.”

“Siye. Hata kwenye orodha hayumo. Mteja wako mkubwa ni Kadzo wa Tudor. Hakuna siku aliyokosa kununua. Hununua asubuhi, hununua adhuhuri, hununua alasiri.”

Ngowa alipaliwa na chai. Bi Zubeida alianza kukunja leso ambayo ilikuwa imekwisha kukunjwa.

Bwana Sattar aliinamia skrini, akavua miwani, akaivaa tena. “Subhanallah! Mtu ananipenda hivi nami simjui kwa sura! Mwite Jumamosi. Nataka halwa, nataka kahawa, nataka nimpe zawadi kwa mkono wangu.”

“Tajiri,” akasema Bi Zubeida taratibu, “huenda mwenyewe ni mtu wa haya. Tusimfedheheshe.”

“Fedheha gani kupewa zawadi? Piga simu, Fariha.”

Fariha akapiga. Sauti ya mwanamke ilijibu upesi mno: “Duka la leso? Alhamdulillahi! Nilikuwa nawasubiri kwa hamu. Jumamosi nitafika. Nitafika na mume wangu.”

Jumamosi Bwana Sattar alivaa kanzu ya Idi. Kadzo aliingia, mwanamke mfupi mchangamfu, na nyuma yake mume mrefu asiyetabasamu. Baada ya salamu na kuulizana hali, Bwana Sattar alifungua mikono.

“Karibu, mteja wetu mwema. Leso zetu zakupendeza, eh?”

“Nilinunua moja, yanipendeza sana.”

“Doti moja?”

“Doti moja, siku mliyofungua hiyo kompyuta. Tangu hapo simu yangu haijapumzika. Niko darasani na watoto, tinn! ‘Asante Kadzo kwa kununua leso.’ Niko jikoni, tinn! Huyu mume wangu ameshafungua kabati, ameshainua godoro.”

“Hata juu ya dari nimepanda,” akasema mume. “Nataka kujua mambo mawili. Leso ziko wapi, na ni nani anayemnunulia?”

Bwana Sattar alimgeukia binti yake. Fariha aliigeukia ile karatasi kando ya skrini, akausoma mwandiko wake mwenyewe, akaelewa.

“Bi Zubeida,” akasema, “ni nyinyi?”

“Na ingekuwa nani, mwanangu?” Bi Zubeida aliweka leso chini. “Mashine yako haipunguzi bila namba ya simu. Sasa mimi nimwambie mke wa mtu, mbele ya watu, ‘Hebu toa namba yako’? Wa kwanza niliyemuuliza alinijibu, ‘Unataka kuniposea nani?’ Akatoka. Wa pili vivyo hivyo. Nikaona namba ya mfano iko pale, nikatumia mfano.”

“Mimi nilidhani ndiyo kazi yake,” akaongeza Ngowa.

“Ngojeni kwanza,” akasema Bwana Sattar. “Punguzo la nini? Duka hili ni bei moja. Kibao kile pale.”

Ngowa alitazama kibao, akatazama dari. Bi Zubeida alicheka, na kicheko kilipoanza hakikusimama upesi.

“Tajiri wangu, leso huuzwaje bila kupatana? Mtu avae sherehe nzima bila hadithi ya namna alivyoipata? Mimi huanza juu, yeye huanza chini, twakutana kwenye bei yako. Kwako wewe juu bei ni moja. Chini huku twafika hapo kwa miguu.”

Fariha alijua kuwa ripoti yake imekufa. Mtu mwingine angetafuta maneno ya kuifunika. Yeye alisema kama ilivyo.

“Baba, nilikosea. Mteja mkubwa hayupo. Niliweka sharti ambalo watu wa hapa hawawezi kulitimiza, kisha nikaamini jina lililotokea bila kuuliza limetoka wapi.”

“Basi mashine imeshindwa.”

“Subiri.” Aliketi, akachuja mauzo yote yaliyobeba jina la Kadzo, akayalinganisha na mauzo yote ya duka. “Jina ni la uongo, lakini mauzo ni ya kweli. Kila palipo na Kadzo, mtu amepatana bei. Katika kila doti kumi ulizouza, tisa zimepatanwa, chini ya kibao chako. Ulikuwa ukilijua hilo?”

Bwana Sattar aliinua macho kwenye kibao. Alimtazama Bi Zubeida, ambaye alikuwa bado akijifuta machozi ya kicheko.

“Miaka thelathini,” akasema mzee mwishowe. “Mimi niko juu naagiza michoro, nyinyi huku chini mna soko zima. La, wallahi, sikulijua.”

“Basi ndilo hilo jambo moja.”

Mzee alitikisa kichwa, masharubu yakacheza. “Itakaa. Lakini uitengeneze izoee watu, si watu waizoee.”

“Nitaondoa namba ya simu, niweke kitufe cha mapatano. Ujumbe kwa Bi Kadzo utakoma leo.”

“Ujumbe ukome,” akasema Kadzo, “lakini pointi zisikome. Zimo kwa jina langu. Mie nadai doti kumi.”

“Kumi!” Bwana Sattar alishika kiuno. “Bibi, wataka kunifilisi? Mbili, na halwa.”

“Ndoa yangu imetikisika kwa doti mbili? Nane.”

“Tatu. Na kahawa ya bwana.”

“Kahawa nimeshakunywa,” akasema mume, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. “Mke wangu, usishuke chini ya tano.”

Walikutana kwenye tano. Ngowa alizifunga, na Bwana Sattar, ambaye hakuwahi kuigusa mashine ile tangu ilipoletwa, alizunguka kaunta, akasimama chini ya kibao cha babu yake Fariha, akanyoosha kidole.

“Haya, nionyeshe,” akamwambia binti yake. “Mapatano yaingizwa wapi?”