Kilo Sabini na Mbili za Kushoto

Yoti iliposhushwa majini ililalia upande wa kushoto, kiasi cha upana wa kiganja. Mhandisi aliyeichora akaweka pima maji juu ya meza ya chakula, akatazama kipovu kikikimbilia pembeni, akapiga hesabu.

"Kilo sabini na mbili," akasema.

"Huyo ni mume wangu," akasema mshonaji, aliyekuwa akivalisha makochi vitambaa. "Kapungua kidogo."

Hakuna aliyebisha. Karakana nzima ilijua kuwa mumewe, mchomeleaji, yumo ubavuni mwa yoti. Mkuku, uti wa mgongo wa yoti, ulipolazwa alikuwepo, mzima wa afya. Mataruma, yaani mbavu zake, yaliposimamishwa alianguka kutoka jukwaani, wakamzika Jumanne. Jumatano saa mbili asubuhi alikuwa kazini, maana hakuwa mtu wa kutegea. Akachomelea vyuma vya kushoto kwa ndani mpaka akajifungia humo, na tuseme kweli, upande wake ulitoka vizuri kuliko wa kulia. Wapaka rangi walipofika zamu yao walimsalimia kwa kugonga.

Lakini yoti ilikuwa ya kuagiza, kila kitu kwa vipimo vya mwenyewe, na mwenyewe hakuagiza ya kupinda. Meneja akapiga magoti kando ya ukuta wa kushoto.

"Fundi, sogea katikati kidogo, tafadhali."

"Rekebisheni ripoti," sauti ikajibu.

Ripoti ya ajali ilikuwa ya mstari mmoja: marehemu hakufunga mkanda wake wa usalama. Karakana ile haikuwahi kuwa na mikanda. Mshonaji alikwenda ofisini mara tisa kwa ajili ya mstari huo, miguu imemvimba, na mara zote tisa aliambiwa asubiri kidogo. Kufiwa alikuwa amekumeza. Kilichomkaba ni kwamba wajukuu wataambiwa babu yao alikuwa mzembe.

Meneja akainuka, akajipangusa magoti.

"Samahani, mama. Wewe una kilo ngapi?"

Alikuwa na sitini na moja. Cherehani yake ilikuwa na kumi na moja.

Wakampa kitanda upande wa kulia na cheo cha mtunza vitambaa. Alikubali kwa ahadi kwamba mstari ule utapelekwa kwa wakubwa uangaliwe upya. Kipovu kikatulia katikati. Mkaguzi akatia sahihi, na meneja akawapongeza wafanyakazi kwa ushirikiano.

Barua ya wakubwa ikaja wiki iliyofuata, kabla ya chakula cha mchana. Mshonaji akaisoma mara mbili, akaikunja, akaendelea na mto aliokuwa akiushona. Ng'ambo ya ushoroba mumewe akagonga.

"Wamesemaje?"

"Wamekataa, mzee wangu. Wanasema mkanda ulikuwa nao, ukaacha kuufunga."

Mumewe akauliza, kama mtu anayejaribu kukumbuka:

"Wa rangi gani?"

Mshonaji akakata uzi kwa meno.

"Hawakuandika."