Upawa Mmoja wa Sombe

Tangu Mama Apolline ahamie kwa binti yake pale Kasongo, bata wa jirani walinenepa ajabu. Mwenye bata, Mama Rosine, alishangaa, maana hakuwa amewaongezea hata punje. Kumbe kila jioni bata wale walikuwa wakijipanga kwenye tundu la ua wa matete, wakimsubiri mama mmoja mgonjwa aje na sahani yake. Sombe, majani ya mihogo, imetwangwa vizuri, imepikwa na mawese mpaka imelainika, halafu wanakula bata! Jamani, hata mimi ninayesimulia naona uchungu.

Mama Apolline hakuwa mtu wa kutupa chakula. Alikuwa mkulima wa kijiji cha Wamaza, mjane, na mihogo aliyoilima maisha yake yote ingeweza kulisha kanisa zima. Lakini mwaka huo mguu wake wa kushoto ulivimba ghafla, ukawa wa moto, ukawa mzito kuliko gogo. Wakampakia kwenye pikipiki, wakamleta Kasongo kwa njia ile mbovu, akilia kila shimo. Hospitalini wakamwambia kwamba damu imeganda ndani ya mshipa wa mguu, na kipande kikikatika kikapanda kwenye mapafu, hakutakuwa na muda wa kumwita padri.

Wakamlaza, wakampa vidonge. Aliyemwelezea vidonge hivyo ni Mama Régina, muuguzi mnene mwenye sauti ya kuuza samaki.

"Mama Apolline, sikiliza muzuri. Dawa hii inafanya damu isigande. Ikiwa kidogo, damu inaganda tena. Ikizidi, damu inatoka hovyo. Ndiyo maana tunapima. Tunataka namba yako ikae kati ya mbili na tatu. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Kidonge kila magaribi, saa ileile. Dawa za maumivu za sokoni, hapana. Mizizi na chanjo za wembe, hapana, mpaka uniulize. Na sombe..."

"Sombe pia unanikataza?" Mama Apolline aliinuka kitandani. Mguu ulikuwa unauma, lakini sombe ni sombe.

"Nani amekukataza? Kula vile unakula siku zote. Majani yanavuta huku, dawa inavuta kule. Mimi ninapima dawa yako pamoja na sombe yako. Usiongeze, usipunguze, basi."

Siku zile dada yake, Emilienne, ndiye aliyekuwa akimpikia kwenye jiko la uani, nyuma ya hospitali, pamoja na ndugu wa wagonjwa wengine. Bukari, ule ugali wa huko, na sombe upawa mmoja, samaki akipatikana. Baada ya majuma matatu namba ilitulia kwenye mbili na nusu. Mama Régina akafurahi kama mtu aliyeshinda kesi.

Halafu Emilienne akarudi kuvuna karanga zake, na Mama Apolline akaambiwa asiondoke Kasongo kwa miezi mitatu, kwa sababu Wamaza hakuna mashine ya kupima damu ile. Basi akahamia kwa binti yake, Safi. Na hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu nyumba ya Safi ni nyumba ya mkwe.

Kwao Mama Apolline, mama hali chakula cha nyumba ya mume wa binti yake mpaka mkwe huyo amfungue kinywa. Mkwe analeta kuku jike na kitenge, anapiga magoti mbele ya shahidi, anasema maneno mawili matatu, imekwisha. Si jambo kubwa. Lakini kabla halijafanyika, chakula kile hakipiti kooni. Mama mkwe haketi karibu na mkwe, hamtazami usoni, na mkwe naye hupita upande mwingine wa njia.

Élysée, mume wa Safi, alikuwa amemaliza mahari yote, mbuzi kwa mbuzi. Ila kuku wa kufungua kinywa hakuwahi kumleta. Mwaka wa kwanza Mama Apolline alisema moyoni, atakuja. Mwaka wa pili akasema, labda kuku wamepanda bei. Sasa ulikuwa mwaka wa sita, na alikuwa ameacha kusema kitu. Huwezi kumdai mkwe kuku. Hiyo ni aibu ya kukuzika nayo.

Safi aliijua desturi, lakini alijiambia kwamba ugonjwa unaondoa hayo yote. Kila jioni alimpelekea mama yake sahani kwenye chumba cha nyuma, sombe upawa mmoja, kama ilivyoagizwa, na kidonge pembeni. Kila jioni sahani ilirudi nyeupe.

"Ulikula, Mama?"

"Sahani si unaiona?"

Angalia ujanja huo! Hakusema uongo, na ukweli hakuusema. Yeye alikula karanga, na ndizi za kuchoma alizonunua mwenyewe barabarani, na mkate. Chakula cha barabarani si cha mkwe. Kidonge alimeza bila kukosa hata siku moja, maana kidonge ni cha hospitali, hakina desturi. Na sombe wakala bata.

Tena alijisifu kidogo. Kama majani yanavuta kule na dawa inavuta huku, aliwaza, basi mimi nimeisaidia dawa. Ee Mungu, akili ya mtu mwenye njaa!

Siku ya nane akaona damu kwenye mswaki. Siku ya kumi, doa la buluu mkononi, kubwa kama kiganja, na hakukumbuka kujigonga popote. Akavaa nguo ya mikono mirefu. Siku ya kupimwa ilikuwa imekaribia, akaona atasubiri.

Siku ya kumi na mbili, asubuhi, alikuwa anafagia uani pua ikaanza kutoka damu. Akainamisha kichwa, akabana pua kwa vidole, kama Mama Régina alivyomfundisha. Akahesabu watu waliopita barabarani, wakapita wengi, damu bado. Safi alipotoka na ndoo akamkuta mama yake ameketi kwenye jiwe, kitambaa kimelowa, mapajani kumelowa. Akapiga kelele iliyowatoa watu nyumbani.

Élysée alikuwa motari, kazi yake ni kubeba watu kwa pikipiki, na asubuhi hiyo pikipiki ilikuwa mlangoni, imeshapanguswa. Lakini hebu fikiri: mama mkwe apande nyuma ya mkwe, amshike kiunoni? Siku alipotoka hospitalini Élysée alimwomba mwenzake Serge ambebe, naye akawafuata kwa mbali. Sasa Serge alikuwa ameshaenda Kabambare na abiria.

"Panda, Mama!" Safi alilia.

"Sipandi. Nitatembea."

"Utatembea na damu ile?"

"Nimesema sipandi na mukwe."

Élysée alikuwa amegeuka ukutani, asimtazame. Akasema na ukuta: "Safi, wewe kaa katikati."

Ndivyo walivyokwenda: mkwe mbele, Safi katikati amebanwa kama mkate kwenye kikapu, na Mama Apolline nyuma, ameshika pua. Wauza mihogo waliacha kupanga mihogo yao ili watazame. Yeye alifumba macho. Kwa mara ya kwanza alisema moyoni, nitakufa, na nitakufa kwa njaa ndani ya nyumba yenye chakula.

Hospitalini wakambana pua, wakamwekea pamba, damu ikatulia polepole. Wakapima. Mama Régina alirudi na karatasi mkononi, na sauti yake ya samaki haikuwepo.

"Sita na zaidi," alisema. "Mama Apolline, damu yako imekuwa kama maji. Kama ungeanguka ukagonga kichwa, tungekuwa tunaongea mengine."

Akampa matone ya kunywa ya kuishusha namba, akamwambia kidonge cha magaribi asimeze mpaka apimwe tena. Kisha akavuta kiti.

"Sasa niambie. Ulikunywa dawa ya maumivu?"

"Hapana."

"Mizizi?"

"Hapana."

"Chakula? Umebadilisha chakula?"

Mama Apolline alitazama dirishani. Nje, kwenye kibaraza, mabega ya Élysée yalionekana, ameketi chini ameshika kofia yake. Dirisha halikuwa na kioo.

"Anakula vizuri," Safi alijibu badala yake. "Sombe upawa mumoja, kila siku. Sahani inarudi nyeupe."

Mama Régina akafungua daftari la mgonjwa, akashika kalamu. "Basi kama chakula ni kilekile, dawa ndiyo imezidi. Nitamwambia daktari tuipunguze nusu." Halafu akamgeukia Safi. "Nani anampa kidonge?"

"Ni mie."

"Kimoja, una hakika? Hukumupa viwili siku fulani? Watu wanasahau, mwanangu."

Safi akaanza kuhesabu kwa vidole, jioni ya Jumatatu, jioni ya Jumanne, akapotea, akaanza upya. Kisha akaweka mikono usoni. "Labda nilikosea," alisema. "Labda ni mie. Mungu wangu, nilitaka kuua mama yangu na mikono yangu."

Mama Apolline alisikia kitu kikikatika ndani ya kifua chake, na haikuwa damu. Kunyamaza kwake kote kulikuwa kwa ajili ya mtoto huyu, ili mume wake asiaibike, ili ndoa yake isiwe na maneno. Na sasa mtoto huyu alikuwa anabeba mzigo usio wake. Tena ile kalamu! Wakipunguza dawa nusu, na siku akirudi kwake Wamaza akala sombe yake kama zamani, damu itaganda upya. Ataanguka shambani, na hakuna atakayejua sababu.

"Wacha kuandika," alisema.

Kalamu ikasimama.

"Mutoto hakukosea. Kidonge kilikuwa kimoja. Sombe ndiyo sikukula. Tangu siku nilifika kwake, hata kijiko."

"Na sahani, Mama?" Safi aliuliza.

"Bata wa Mama Rosine."

Ungesema mtu amewapiga kofi wote wawili. Mama Apolline akaendelea, ametazama mikono yake, kwa sauti ndogo lakini iliyofika mpaka nje, na alijua inafika. "Mukwe wangu ni mutu muzuri. Sina neno naye. Lakini hakunifungua kinywa, na mie sikuweza kuomba. Niliona haya. Niliona heri njaa."

Nje, kofia ilianguka. Pikipiki ikawaka kwa kishindo, ikaondoka. Safi alikimbia dirishani, akarudi akaketi kitandani, karibu na miguu ya mama yake.

"Amekasirika," alisema Mama Apolline. "Nimeharibu nyumba yako."

"Mama, yeye hajui." Safi alikuwa anafuta pua kwa kanga. "Alilelewa kwa mapadri. Wazazi wake walikufa katika vita, yeye mudogo. Hana baba wa kumwambia, hana mujomba. Mie nilijua, lakini nilimuonea huruma. Nitamwambiaje mutu asiye na ndugu kwamba bado kuna kuku?"

Mama Régina, ambaye mambo ya kuku hayakuwa kwenye daftari lake, alifuta mstari aliouandika. "Mimi nilikuambia usiongeze, usipunguze," alisema, "na nimeuliza kila kitu duniani, isipokuwa juu ya mukwe. Kuanzia leo nitauliza." Akamwambia dawa itabaki kama zamani namba ikishuka, ila sombe irudi, upawa uleule. "Na usile sufuria nzima leo kwa furaha! Kila siku kiasi kilekile. Na ukiona damu kwenye mswaki, unakuja siku hiyohiyo. Husubiri."

Saa sita mchana pikipiki ikasikika tena. Élysée aliingia kinyumenyume, ili asimtazame mama mkwe wake, nusura agonge ndoo. Kwapani alikuwa na kuku jike mwekundu, begani kitenge kipya ambacho bado kilikuwa na karatasi. Nyuma yake, kama shahidi, mzee Abdallah, mlinzi wa lango la hospitali, aliyeokotwa hapohapo na hakujua anashuhudia nini.

Akapiga magoti, uso ukutani.

"Mama mukwe," alisema. "Kila mara ulifika kwangu, hukukula. Miaka sita. Nilifikiri unanizarau juu ya kuwa sina watu. Nilimwambia Safi, mama yako hanipendi, na Safi alilia, sikujua anacholilia. Hakuna mutu aliniambia. Ningeleta kuku kumi."

Mama Apolline alilia, akalia vibaya, mpaka Mama Régina akamkumbusha pua. Kuku naye akapiga kelele, wagonjwa wa vitanda vingine wakacheka, mzee Abdallah akasema, "Mie nimeshuhudia," akarudi langoni kwake.

Jioni ya pili namba ilikuwa imeshuka, wakamruhusu. Walirudi wote watatu kwenye pikipiki ile, na Safi bado katikati, maana kuku hufungua kinywa tu, mgongo wa mkwe unabaki mgongo wa mkwe. Bata walikuwa wameshajipanga kwenye tundu la ua. Wakasubiri mpaka giza likaingia, wakaondoka wakilalamika.

Ndani, Safi alipakua bukari, akapakua sombe upawa mmoja, akausawazisha kwa kijiko kama anayepima dawa. Kisha akakaa mbele ya mama yake, asiondoke. Mama Apolline alikata tonge, akachovya, akala. Mihogo ya Kasongo haifiki ile ya Wamaza, na alitaka kusema hivyo, akaacha. Sahani ikaisha. Akatazama sufuria.

"Hapana, Mama," Safi alisema.

"Sikusema kitu."

Mlangoni, nyuma ya pazia, mtu alikohoa kwa adabu. "Safi," sauti ya Élysée iliuliza, "mama amekula?"

Safi alifungua mdomo ajibu, kama alivyokuwa akijibu siku zote. Mama Apolline akamshika mkono.

"Nimekula, mwanangu," alisema mwenyewe, kwa sauti ya kufika mlangoni. "Upawa mumoja. Na kesho unitunzie mwingine."