Kilio Alichokibana Ustinya

Ustinya aliolewa bila kulia, na kijijini hawakumsamehe. Kwao, siku moja kabla ya harusi, bibi harusi hulia kwa wimbo, apende asipende, na wasichana wenzake humjibu. Asiyelia siku hiyo, walisema, atalia maisha yake yote. Lakini Ustinya alimpenda Yefim kupita kiasi, alie nini? Alikaa mezani meno yote nje, wenzake wamenuna kwa kukosa wa kumjibu. Miezi mitatu baadaye Yefim akachukuliwa jeshini, asirudi tena.

Sasa alikuwa yaya mzee mjini Petersburg, na Arkasha, mtoto aliyemlea, alikuwa mtunzi wa muziki mwenye ndevu zake.

"Yaya, niimbie kile kilio cha bibi harusi," alimwomba jikoni.

"Hapa, kwenye kabichi? Bibi harusi mwenyewe ndiye mimi?"

"Niimbie tu. Nitakununulia kitambaa cha kichwa."

"Vitambaa ninavyo. Haya, andika, na usinitazame."

Akaimba huku akikatakata kabichi, bila chozi hata moja, akaishia pale anapoishia bibi harusi.

"Na majibu ya wenzake?"

"Nijibiwe na nani? Mtu hajijibu mwenyewe, mwanangu."

Kipupwe kilipofika Arkasha alimpeleka ukumbini kunakopigwa muziki wake, akamkalisha roshani ya juu kabisa. Ngoma na tarumbeta zilimchosha, akasinzia. Ndipo fidla moja ikaanza peke yake. Ustinya akafumbua macho. Ilikuwa sauti yake ya alipokuwa na miaka kumi na saba, inamuaga mama, inaliaga benchi la dirishani, inalia kama alivyopaswa kulia siku ile. Moyo ulimuuma, jamani, ulimuuma. Alimtaka Yefim pale pale, na viatu vyake vya tope.

Fidla ikanyamaza. Ukumbi mzima kimya, mabibi wamekaa tu na vito vyao. Msichana analia hivi, na hakuna hata mmoja wa kumjibu!

Ustinya akasimama, akashika ukingo wa roshani, akaimba kwa sauti yake yote ya kizee: "Usilie, mwenzetu, tupo nawe, tutakusindikiza mpaka langoni."

Watu waligeuka, wengine wakamzomea. Arkasha alikuwa chini mbele ya wapigaji, kifimbo cha kuongozea kimeinuliwa. Hakukishusha. Alimngoja yaya wake amalize beti zote, uso wa yaya umelowa machozi chapachapa, miaka thelathini na mitano baada ya harusi.