Minyaa Yenye Maziwa

Panga nililishika mimi, nisimsingizie mtu.

Jumanne ile, kwenye masomo ya jioni pale Kagongwa, Mwalimu Stanslaus alitufundisha kwamba Afrika na Amerika zamani zilikuwa nchi kavu moja. Zilipoachana, kila upande ukaotesha mimea yake. Mipungate, alisema, asili yake ni Amerika. Huku kwetu imeletwa. Hapo maziwa yakaanza kunilowesha blauzi. Nikatoka nusu saa kabla, nikamwahi mwanangu Blessing.

Nyumbani nikajifanya profesa. "Mayu," ndivyo ninavyomwita mama mkwe, "hii minyaa ya ngitili ni mipungate tu. Migeni hii. Inamaliza maji ya miti yetu."

Ngitili ni malisho tunayoyafungia hadi kiangazi. Ua wake wa minyaa aliupanda marehemu baba mkwe.

Mayu akacheka. "Hata mimi naitwa Mageni. Utanikata?" Kisha akasema, "Haya, wewe ndiye unayesoma."

Asubuhi nikakata upande mzima. Siku hiyohiyo mbuzi wa jirani yetu Jilala wakaingia, wakala mpaka wakachoka.

Alhamisi Mwalimu akaweka vipande viwili mezani, cha mpungate na cha mnyaa. "Ukame umevifinyanga vikafanana, kimoja huku, kimoja kule. Lakini si ndugu. Vunja. Huu mpungate hautoi maziwa. Mnyaa una maziwa, na ni mzaliwa wa Afrika. Mama Blessing, juzi uliondoka sijafika hapa."

"Alikwenda kunyonyesha!" mwanafunzi mwenzangu Maduhu akadakia. "Mwenzake mnyaa!"

Darasa likaangua kicheko. Mimi nilikuwa nauona mpini wa panga langu, ule utomvu mweupe ulivyoganda. Niliuona wakati nakata. Niliuona kabisa.

Njia nzima nikawaza: nikisema, nani tena atanishikia mtoto nisome?

Mayu alikuwa amempakata Blessing, kalala.

"Mayu, nilikosea. Minyaa ni ya kwetu. Nilitoka somo halijaisha."

Akamweka mtoto vizuri mapajani. "Jilala kaniuliza nani kakata. Nikamwambia ni mimi, uzee."

Heri angenipiga.

"Vipande ulivyokata umevichoma moto?"

"Bado."

"Basi vitashika mizizi. Nenda kwanza kwa Jilala ukamwambie mwenyewe, halafu uvichomeke ardhini. Na Jumanne usitoke mapema. Mtoto nitamleta umnyonyeshee hukohuko."

Nilikwenda. Kisha nikachomeka kimoja kimoja, uso nimeugeuza pembeni, utomvu usiniingie machoni. Ndivyo nilivyomwambia Mayu; machozi sikumtajia.