Maji ya Mwalimu Olanya

Mimi shule nimeipata vipande vipande: kwa mapadri wa Lubaga kidogo, madrasa kidogo, barabarani zaidi. Mwaka sabini na saba nilikuwa Kisugu, mtu mzima na ndevu zangu, nimebanana dawatini na watoto wa watu tukisoma kemia. Mwalimu Olanya, Mwacholi mrefu aliyesomea chuo cha Kyambogo, aliniita Babu wa darasa.

Siku hiyo, karibu na adhuhuri, alichomeka karanga kwenye sindano akaiwasha chini ya kopo la maji lenye kipimajoto, juu ya stendi ya chuma. Ikawaka kama mshumaa.

"Babu, umeona? Hizo ndizo kalori. Ukila, moto huu huu unawaka tumboni."

"Ndiyo maana nina kiungulia, Mwalimu."

Darasa likacheka. Akachoma nyingine, na nyingine. "Chuma hushika joto upesi, hulitoa upesi," akasema. "Maji ni mabishi. Huchelewa kupata moto, na huchelewa kupoa."

Lori la askari likasimama langoni. Majuma yale Waacholi walikuwa wakichukuliwa makazini, wasirudi. Mwalimu alipita dirishani, koti akaliacha kitini, akapotea migombani.

"Tuseme leo hakuja," Nusura akanong'ona. Huyu alikuwa binti wa Hajati Salme, mwenye duka la vitambaa.

Tarcisio, mwenzangu wa dawati, akabugia karanga zilizoungua, sindano akaitia mfukoni. Mimi nikalivaa koti, likanibana kwapani. Yakabaki maji. Kuyamwaga hatukuweza, askari walikwisha zunguka madirisha. Tukatumbukiza mawe ya mizani, yale ya chuma, ili maji yapoe. Kipimajoto kikashuka kidogo tu, kikagoma. Somo lilikuwa la kweli, na hilo ndilo lililotutisha. Tukayatoa mawe, tukayaficha pamoja na kipimajoto.

Mkubwa wao akaingia. "Mwalimu yenu iko wapi?"

"Leo hajafika, afande," tukajibu.

Akashika stendi ya chuma: baridi. Akatia kidole kwenye kopo. Akatutazama mmoja mmoja.

"Hii maji nani napasha?"

"Mimi, afande," akasema Nusura. "Nimepasha kwa mpishi. Ni ya udhu. Bibi ndivyo alivyonizoesha."

"Udhu ya maji moto? Wewe napikia Mungu chai?" Wenzake wakacheka, yeye hakucheka. "Haya. Tia udhu, mimi naona."

Nusura akageukia ukuta. Mikono, kinywa, pua, uso, mpaka miguu, hakuruka kitu. Kisha akatandika kitenge, akaswali. Askari yule akavua kofia. Kila sijda Nusura aliirefusha, nami moyoni nikamwona Mwalimu akivuka mfereji, akishika bonde.

Alipotoa salamu, askari akavaa kofia yake. Akasema polepole, "Ombea na mwalimu yenu."

Wakaondoka.

Nusura hakuinuka. "Babu, amesema vile kwa imani yake, au wamekwisha mkamata?"

Mwalimu hakuonekana tena Kisugu. Nimefika Gulu, nimefika Juba, nimelala Bunia, na koti lile nimelitia viraka. Kila penye Waacholi namuulizia mwenye koti. Mahali wanapokaanga karanga sikai. Harufu ikipanda tu, macho yangu yanakimbilia dirishani.

Mchana ule, lori lilipokwisha kuteremka kilima, nilitia kidole kwenye maji yaliyobaki.

Yalikuwa vuguvugu bado.