Theluji Ilianguka Bugembe

Sulait alikuwa na mdomo. Wakati wa vita alikuwa kinyozi tu, kwetu Bugembe, kando ya barabara ya Iganga. Vita vilipokwisha na vibanda vya video vikaanza kuota kila kona, akapewa kipaza sauti, akawa mfasiri wa sinema. Kiingereza chake kilikuwa cha kubahatisha. Alichojua ni kuchekesha. Wazungu wa kwenye sinema aliwapa majina ya watu wetu: tajiri akaitwa jina la mwenye kinu cha mahindi, mlevi jina la fundi baiskeli, na watu walijaa pale kusikia nani kabatizwa leo.

Mimi nilikaanga kabalagala, vile vitumbua vyetu vya ndizi, nje ya kibanda hicho hicho. Spika ilikuwa juu ya kichwa changu, kwa hiyo sinema zote nilizisikia bila kuziona. Siku moja nikasikia, "Ndiye huyo! Zubairi wa vitunguu! Ananyosha kidole, jirani yake anachukuliwa!" Kibanda kizima kikaangua kicheko, nami nikacheka nao.

Zubairi ni mume wangu. Alinunua vitunguu Mbale akaviuza Jinja, na kofia yake ya ngozi haikumtoka kichwani mvua wala jua. Yule msaliti wa kwenye sinema, anayewauza majirani zake kwa wanajeshi, alivaa kofia kama ile, ndivyo walivyonieleza waliotoka ndani. Basi, hakuna zaidi ya hapo. Nilipomwambia, alicheka mpaka akashika mbavu. "Rehemah, sasa mimi nyota," akasema, kisha akaenda zake Mbale kufuata mzigo. Teso, jirani na huko Mbale, bado kulikuwa na vita, vizuizi vya jeshi vilijaa barabara, akakwama huko wiki kadhaa.

Sinema ile ilipendwa, ikawa inarudiwa kila siku. Asiyeikosa ni Bogere, kijana wa Mafubira aliyepakia mizigo pale stendi. Wanajeshi walimchukua baba yake wakati wa vita, yeye akiwa bado mdogo, amelala ndani. Hakuna aliyejua alipelekwa wapi, wala nani alimtaja. Kijana yule nilimpenda jamani. Alikuwa na adabu, akipokea kabalagala kwa mikono miwili na kuniita mama. Ghafla akaacha kununua kwangu. Akawa ananitazama tu. Nikadhani ni msichana kamvuruga, nikamtania, "Bogere, nani kakunyima usingizi?" Akajitwika gunia, akaenda zake.

Zubairi aliporudi aliteremka kwenye lori mchana kweupe, kofia kichwani. Nyumbani hakufika. Niliona vijana wanakimbia, nikadhani wamekamata mwizi, nikapanda juu ya kigoda changu nione. Nilichoona ni kofia ya ngozi ikirushwa juu, ikidakwa, ikirushwa tena. Mungu wangu! Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Sikumbuki nilifikaje pale. Namkumbuka Zubairi chini, uso umejaa damu, vitunguu vimetapakaa barabarani, na Bogere amesimama juu yake na tofali mkononi.

Aliyemwokoa ni Afande Opio, polisi wa kituo chetu, mtu wa kaskazini. Alipiga risasi moja hewani. Mashujaa wote wale wakatimua mbio. Bogere peke yake hakukimbia. Aliweka tofali chini, akanyosha mikono afungwe, mtulivu kama mtu aliyemaliza kazi ya siku.

Zubairi akapelekwa hospitali, mimi nikaitwa kituoni kutoa maelezo. Opio akamwuliza kijana mbele yangu, kwa Kiswahili cha kuokoteza walichoelewana nacho, "Wewe, huyu mzee iko na makosa gani?"

"Afande, huyu ndio liuza baba yangu."

"Nani naona?"

"Mimi. Naona na macho yangu. Sisi yote naona."

"Haya, sema vile naona."

Bogere akasema bila kusita. "Asikali nakuja na gari. Huyu mzee nasimama kwa daraja na kofia yake, nanyosha kidole. Baba naanguka kwa magoti. Damu naonekana sana, sababu chini yote iko nyeupe."

"Nyeupe nini?"

"Ile kitu kama pamba, afande. Ilikuwa naanguka kutoka juu, najaa balabala yote, nafunika mpaka miguu ya baba."

Opio akaacha kuandika. Akanitazama, nami nikamtazama. Nimezaliwa Bugembe, na theluji sijaiona ila kwenye picha ya kalenda. Nilikuja pale nimejiandaa kumtia kucha machoni yule kijana. Sasa hasira ilinitoka yote, nikabaki na baridi mwilini.

"Bogere, mwanangu," nikasema, "hapa kwetu kitu hicho hakianguki."

Akanigeukia kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye niliyefiwa.

"Siku ile lianguka, mama," akasema.

Hakuwa anadanganya. Hilo ndilo linalonitisha hadi leo. Siku ya mwisho ya baba yake hakuwa nayo, sinema ikampa moja, naye akaikumbatia. Alifungwa akiwa bado anaamini.

Sulait alikuja kwangu analia. "Nilikuwa nachekesha watu tu, mama." Nilimfukuza na upawa wa moto. Aape, asiape, ingenisaidia nini? Mume wangu alipona na jicho moja, na kila akipita sokoni akina mama walishusha sauti. Tukafunga virago, tukahamia Mbale, chini ya mlima wa Wanale, mbali na soko la vitunguu, ambako hakuna aliyetujua.

Alasiri ya kwanza nilikuwa ninafagia uani. Zubairi amekaa mlangoni, ananyosha miguu. Jirani akaja na mkungu mdogo wa ndizi, mwanamke mcheshi aitwaye Nambozo. Kabla hatujamaliza kusalimiana, spika ya kibanda cha video ng'ambo ya barabara ikakoroma, na sauti ninayoijua ikapasua hewa: "Ndiye huyo! Zubairi wa vitunguu!" Kumbe walikuwa wameirekodi sauti ya Sulait ndani ya kanda, na kanda imetangulia kufika. Vijana mle ndani wakazomea kwa hasira. Ufagio ulinidondoka.

Nambozo hata hakugeuka. Pengine amezoea. "Karibuni sana," akasema huku akimtazama mume wangu. "Na mzee hapa, naitwa nani?"

Zubairi akafungua mdomo.

"Muhamad," nikawahi mimi.

Alinitazama kwa jicho lake moja. Kule kibandani walikuwa bado wanazomea.

"Ndiyo," akasema. "Muhamad."